Karakana ya Tingatinga na swali la vijana wa Kakuyuni

Imekita mizizi miongoni mwetu dhana kwamba sanaa ni kimbilio la mtu aliyekosa kazi. Mwanafunzi akionekana akichora pembezoni mwa daftari la hisabati hukemewa, na kijana akionekana akichonga mti chini ya mwembe huulizwa atalipa mahari kwa kitu gani. Mimi ni mwalimu wa siku nyingi hapa Kakuyuni, bara kidogo ya mji wa Malindi, nami nimeisikia dhana hiyo vyumbani mwa walimu, mikutanoni mwa wazazi na hata matangani. Leo nataka kuijadili kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana kote Afrika Mashariki, ingawa ni wachache wanaojua jinsi alivyoiendesha kazi yake. Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni swali nililoulizwa. Vijana wachache waliomaliza shule hapa kwetu wamefungua karakana ndogo. Huchonga bao, lile la mistari minne yenye mashimo manane kila mmoja na kete 64, na huchora vibao vya hadibodi vya kuchezea drafti na nyoka na ngazi, wakivipamba kwa tembo na vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wateja wao ni wenyeji wachache na wageni wanaoteremka Malindi. Sasa wamegawanyika. Kundi moja lataka watoto wanaokuja kutazama wafukuzwe, kwani anayejifunza leo kesho atatandika mkeka kando yako na kuuza kwa bei ya chini. Kundi la pili lasema ujuzi uliofichwa hufa pamoja na mwenyewe. Waliniuliza nani ana haki, nami nikaona jibu limo katika maisha ya Tingatinga.

Hapa Kenya neno hilo humkumbusha msikilizaji trekta, lakini lilikuwa jina la ukoo wa binadamu. Edward Saidi alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Mama yake alikuwa Mmakua na baba yake Mngindo. Na majina yake mawili, la Kikristo na la Kiislamu, yanaonyesha kwamba alitoka katika nyumba iliyojua kuishi na tofauti. Alisoma miaka michache tu. Hakuingia chuo chochote cha sanaa, wala hakuna aliyemkabidhi brashi utotoni akamwambia kuwa ana kipaji.

Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta riziki, akafika Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Sisi wa Kilifi tunaoyajua mashamba ya Vipingo hatuhitaji kuelezwa kazi hiyo ni ya namna gani. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi katika nyumba ya afisa Mwingereza. Uhuru wa Tanganyika ulipopatikana mwaka 1961 waajiri wa aina hiyo walirejea kwao, na watumishi wao wakabaki bila mshahara. Tingatinga akaishi kwa vibarua na biashara ndogo ndogo kama walivyoishi maelfu ya wenzake waliotoka kusini. Miaka ikapita hivyo, naye akawa mtu mzima wa miaka 36 asiye na jina lolote.

Ilikuwa mwaka 1968 alipoanza kuchora. Inasimuliwa kwamba aliona picha zilizochorwa na Wakongo zikiuzwa kwa wageni mitaani, akatafakari, akaamini kwamba na yeye anaweza. Naomba wanafunzi walizingatie jambo hili. Tingatinga hakuanza kwa kujiuliza moyo wake unapenda nini peke yake. Alitazama pia kitu gani kinanunuliwa, na nani, na wapi. Kisha akaangalia ni nini kilichokuwa karibu na mkono wake. Turubai na rangi za wachoraji wa Ulaya zilikuwa ghali, kwa hiyo akachukua hadibodi ya kujengea, akaikata vipande vya mraba, akaipaka rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile iliyotumiwa kupaka baiskeli. Juu ya msingi wa rangi moja alimchora mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, akaujaza ubao wote kwa umbo lake. Kipande cha namna hiyo hukauka kikawa kigumu, hakivunjiki, na mgeni aweza kukitia sandukuni akarudi nacho kwao. Unyonge wa mfuko ndio uliozaa mtindo ambao leo wataalamu wanauandikia vitabu.

Somo la mahali pa kuuzia nalo ni kubwa. Hakukaa nyumbani akingoja kugunduliwa. Alizipeleka picha zake Morogoro Stores, duka lililokuwa Oysterbay, mtaa wa maafisa na mabalozi, mahali ambapo wageni walikuja kununua vyakula vyao. Mkewe, Agatha Mataka, alisaidia katika mauzo. Karakana yao haikuwa na kibao cha jina wala ofisi. Ilikuwa familia iliyogawana kazi, huyu akichora, yule akikutana na mnunuzi. Baada ya muda kampuni ya umma iliyoshughulikia sanaa nchini Tanzania ilianza kuzinunua picha zake, na mahitaji yakapita uwezo wa mkono mmoja. Hata hivyo hakuwa mwepesi wa kuacha kitega uchumi kingine, kwani katika miaka hiyo alipata pia ajira katika hospitali ya Muhimbili. Kijana anayedhani kwamba msanii wa kweli ni yule aliyeiacha kila kazi nyingine na alifikirie hilo.

Sasa tumefika penye swali la vijana wetu. Picha zilipoanza kutafutwa, Tingatinga alikuwa na njia mbili. Angeweza kujifungia, akachora peke yake, na uchache wa picha ungepandisha bei. Badala yake aliwaita ndugu na jamaa waliotoka naye kusini, akawafunza. Majina yao yanastahili kutajwa darasani: Kasper Henrick Tedo, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Matambwe na Omari Amonde. Walikaa naye, wakatazama mkono wake, wakajaza rangi, wakapewa vipande vyao wenyewe, na hatimaye kila mmoja akapata namna yake ya kuchora. Shule yao ilikuwa kivuli na mkeka, na ada ilikuwa bidii.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa. Alikuwa garini jijini Dar es Salaam, polisi wakalidhania gari hilo kuwa la wezi waliokuwa wakisakwa, wakalifyatulia risasi. Alikuwa na umri wa miaka 40, na maisha yake yote ya uchoraji hayakuzidi miaka minne hivi. Hebu msomaji apime mwenyewe. Kama angekuwa amechagua njia ya kwanza, ile ya kujifungia, ni kitu gani kingebaki? Pengine mamia ya vibao katika nyumba za wageni waliokwisha kuondoka, na jina lisilojulikana na yeyote.

Kilichobaki ni watu. Wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza pale pale, nao wakawafunza wengine, na hao wakafunza wengine tena. Mpata alivuka mpaka akachora hapa Kenya, na hoteli moja ya watalii huko Maasai Mara ikapewa jina lake. Kundi la Dar es Salaam lilijipanga hata mwaka 1990 likawa chama cha ushirika. Mamia ya familia zimelishwa na kusomeshwa kwa kazi iliyoanzishwa na mtu aliyechora kwa miaka minne. Siijui karakana nyingine katika eneo letu iliyoanza na mtaji mdogo kiasi hicho ikazaa mavuno makubwa kiasi hicho.

Lakini wahenga walitufunza kwamba Mgala muue na haki yake mpe. Kundi la kwanza la vijana wetu nalo lina hoja, na maisha ya Tingatinga baada ya kifo chake yanaitetea. Vibao vyenye sahihi yake ambavyo hakuvichora yeye vimeingia sokoni. Mtindo wake umeigwa kutoka Zanzibar hadi Nairobi, mara nyingi kwa ulegevu, twiga yule yule na machweo yale yale, hadi mnunuzi akadhani kwamba hiyo ndiyo sanaa yote ya Afrika. Mwaka 2010 vipindi vya katuni vya watoto vilivyotengenezwa Nairobi kwa ajili ya televisheni za ng'ambo vilibeba jina lake na sura ya michoro yake, vikaonekana katika nchi nyingi. Jina likatukuka, ila mwenye jina alikuwa kaburini tangu zamani, wala hakuacha daftari linaloonyesha alichora nini, lini, na kwa ajili ya nani.

Sisi wa Kakuyuni na vijiji jirani twaujua uchungu wa jambo hili kuliko wengi. Vigango vya Wagiriama, vile vigingi vya kuwakumbuka wazee wa Gohu, viling'olewa makaburini usiku vikauzwa, na vingi vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri huko Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na vingine baadaye, lakini aliyevichonga hakupata senti, na familia iliyovisimika iliachwa na shimo mahali pa kumbukumbu. Kwa hiyo anayeogopa kuibiwa hapa kwetu haogopi kivuli.

Hata hivyo nawaambia vijana kwamba wanachanganya mambo mawili. Mwigaji na mwanafunzi si mtu mmoja. Kila kibao kinachouzwa chenyewe ni mwalimu, kwa kuwa anayekinunua aweza kukipeleka kwa mchongaji mwingine siku hiyo hiyo na kutaka kingine mfano wake. Huwezi kuuza kitu na kukificha kwa wakati mmoja. Ukimfukuza mtoto anayetazama, hujamzuia mwigaji, umemzuia tu mtu ambaye angekuwa msaidizi wako, shahidi wako na mrithi wako. Mwigaji huchukua umbo akaenda zake. Mwanafunzi aliyelelewa vyema huchukua umbo pamoja na heshima, naye ndiye atakayesema miaka 50 baadaye kwamba kazi hii ilianzishwa na fulani. Jina la Tingatinga halikuhifadhiwa na serikali wala na matajiri. Lilihifadhiwa kwanza na wale sita aliowafunza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mlango wa karakana na ubaki wazi, lakini daftari nalo liwe wazi. Kila bao na kila kibao kiwe na sahihi ya aliyekitengeneza na mwaka. Iwepo picha yake, bei yake, na jina la mnunuzi likijulikana. Mwanafunzi atie jina lake mwenyewe wala asitie la mwalimu wake, ili ubora wa kila mmoja ujulikane na ghushi itambulike. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda mchoro wenyewe ulioutenda. Mtindo hailindi, wala kanuni za mchezo kama drafti hailindi. Anayeijua tofauti hiyo hapotezi nguvu zake kulinda kisicholindika. Tena ushirika ni ngao. Wachongaji wa Kikamba walioungana huko Changamwe, Mombasa, tangu mwaka 1963 walielewa kwamba mchongaji mmoja mmoja hupangiwa bei na mnunuzi, ilhali wengi pamoja huweza kukataa.

Kwenu walimu wenzangu, mtaala wa umilisi sasa umetenga mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Nachelea kwamba tutaugeuza kuwa jalala la wale tunaowaona dhaifu katika masomo mengine. Tingatinga alikuwa na elimu ndogo, lakini kazi yake ilidai kupima ubao, kukadiria gharama, kusoma soko, kugawa kazi na kulea watu. Hizo ni hisabati, biashara na ualimu kwa pamoja. Mwanafunzi wa sanaa afunzwe kuweka hesabu siku ile ile anayofunzwa kushika brashi, na asiruhusiwe kumaliza shule bila kumfunza mwenzake wa darasa la chini jambo moja analolijua.

Na kwenu wanafunzi, msiihusudu sifa ya Tingatinga mkasahau mwenendo wake. Alianza akiwa na miaka 36, kwa rangi ya baiskeli, mbele ya duka la vyakula, na miaka minne baadaye hakuwepo tena. Wale sita ndio walioubeba mzigo kutoka hapo. Vijana wa Kakuyuni wana mti, wana rangi, wana mchezo ambao pwani yote inaujua, na wana watoto waliosimama mlangoni wakitazama. Nilipoulizwa nani ana haki, nilisema kwamba watoto hao waitwe ndani wapewe msasa.