Gongo la Ranji na Mizani ya Nyakati

Msafiri apitaye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi huujua mji wa Mackinnon Road kwa kaburi moja. Ni kaburi la Sayyid Baghali, Mpunjabi ambaye husimuliwa kwamba aliletwa huku kwa kazi ya reli, akafariki mwaka 1902, akazikwa kando ya njia ile ile aliyoihudumia. Madereva husimama hapo, wa dini hii na wa dini ile, wakaombea safari yao. Mimi nilisimama kwa shughuli nyingine. Walimu wa shule moja ya upili walikuwa wameniomba nizungumze na wanafunzi wao juu ya mabadiliko ya lugha. Mazungumzo yakaisha, chai ikaletwa, na mara nikajikuta katikati ya ubishi ambao, kwa kuusikiliza juu juu, haukuwa na uhusiano wowote na lugha.

Walikuwa wakibishania kriketi. Swali lao lilikuwa: ni nani mpigaji mkuu kupita wote waliowahi kutoka Asia? Mwalimu wa hisabati alisimama na Sachin Tendulkar, mikimbio 15,921 katika mechi 200 za Testi, wastani wa 53.78. Mwenzake wa historia alimtetea Sunil Gavaskar. Wanafunzi waliokuwa wakichungulia mlangoni hawakutaka kusikia jina jingine isipokuwa la Virat Kohli. Nilipomtaja Ranji, mwalimu wa hisabati alitoa simu yake, akatafuta, akaona wastani wa 44.95, akatabasamu kwa huruma.

Tabasamu lile ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Ranjitsinhji alizaliwa tarehe 10 Septemba 1872 katika kijiji cha Sarodar, kwenye rasi ya Kathiawar huko magharibi mwa India. Alikuwa wa ukoo wa Jadeja uliotawala dola ndogo ya Nawanagar, ambayo mji wake mkuu ni Jamnagar. Utotoni aliteuliwa kuwa mrithi wa mtawala, kisha mtawala akajaliwa mtoto wake mwenyewe na uteuzi ukatenguliwa. Hivyo kijana akapelekwa shule ya wana wa wafalme mjini Rajkot, na baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwa na jina la kifalme lakini hana ufalme. Wanafunzi wenzake Waingereza walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Smith. Wengine wakalikata wakabaki na Ranji. Mwanaisimu huwa na mengi ya kusema kuhusu mtu anayebadilishwa jina ili ndimi za wengine zipumzike, lakini leo ninazuia kalamu.

Huko Cambridge ndiko alikojifunza ufundi uliompa sifa. Husimuliwa kwamba mwanzoni alikuwa akirudi nyuma kila mpira wa kasi unapomjia, hata mwalimu wake akaufunga mguu wake wa kulia usisogee. Mguu wa kulia ukiwa umetiwa nanga, yeye akauvusha ule wa kushoto, akazungusha viganja, na mpira uliokuwa unamjia mwilini ukateleza nyuma yake upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mdakaji. Wakati huo mpira wa namna hiyo ulizuiwa tu. Waungwana wa Uingereza walikuwa wamefundishwa kupiga mbele, gongo limenyooka, upande wa kulia wa uwanja. Ranji aliifungua nusu ya uwanja iliyokuwa imelala. Nikitumia msamiati wa kazi yangu, wengine walikuwa na maneno mengi kumshinda, lakini yeye aliongeza kanuni katika sarufi. Kila mpigaji ateleziaye mpira nyuma ya miguu yake leo, awe wa Karachi, Colombo au Nairobi, anaitumia kanuni hiyo bila kujua ilitoka wapi, kama nasi tunavyotumia viambishi vya lugha bila kuwajua wahenga waliotuachia.

Mwaka 1896 ndio uliompambanua. Wateuzi wa mechi ya Testi ya Lord's walimwacha nje, ingawa sifa zake zilikwishaenea. Wale wa Manchester wakamteua mwezi Julai mwaka huo huo, dhidi ya Australia. Alipata 62 katika zamu ya kwanza. Katika ya pili alianza siku ya mwisho akiwa na 41, akazidisha mikimbio 113 kabla ya chakula cha mchana, na zamu ilipokwisha alikuwa na 154 bila kutolewa. Uingereza ilishindwa mechi ile, lakini hakuna aliyekumbuka hilo sana. Mwezi uliofuata, huko Hove, aliichezea Sussex dhidi ya Yorkshire akapata mia mbili tofauti katika siku moja, 100 na 125. Mwaka 1899 akawa mtu wa kwanza kuvuka mikimbio 3,000 katika msimu mmoja wa Uingereza kwa kupata 3,159, na mwaka 1900 akarudia kwa 3,065.

Msomaji aitazame tena ile miaka. Mwaka 1896 ndio uliowekwa reli ya kwanza Mombasa, na maelfu ya vibarua kutoka India wakaanza kushushwa bandarini. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi. Na katika mwaka huo wa 1899 na ule wa 1900, njaa kuu iliipiga Gujarati pamoja na Kathiawar, ng'ombe wakafa, mashamba yakawa vumbi. Wakulima wa vijiji vilivyouzunguka mji wa Jamnagar, ambao sisi tunawajua kwa jina la Waoshwal, walianza kuvuka bahari kuja Mombasa katika miaka hiyo hiyo. Wajukuu zao wangali wanahesabu vijiji 52 vya asili. Kwa hiyo mtu wa Nawanagar aliyesifiwa na magazeti ya London kwa mikimbio yake, na mtu wa Nawanagar aliyefungua duka la mabati huku kwetu, walitoka kwenye udongo mmoja kwa wakati mmoja. Mmoja tu ndiye aliyeandikiwa takwimu.

Sasa nirudi kwenye ile 44.95. Kwa asiyeufuata mchezo huu, wastani ni mikimbio yote ya mpigaji ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Ni kipimo kizuri, walakini hakisemi peke yake. Neno halina thamani likiwa pweke. Thamani yake hutokana na maneno linayoishi nayo katika zama moja. Na nani angelinganisha rupia moja ya pwani hii ya mwaka 1900 na shilingi moja ya leo kwa sababu tu zote ni moja? Tuwaulize basi majirani wa Ranji. W. G. Grace, ambaye Waingereza humwona baba wa mchezo, alimaliza Testi zake kwa wastani wa 32.29. Archie MacLaren alipata 33.87, C. B. Fry 32.18. Victor Trumper wa Australia, ambaye wazee walimtaja kwa kunong'ona, 39.04. Stanley Jackson alimzidi Ranji kwa 48.79, na sitamficha. Ila katika kundi zima la enzi yake, Ranji yuko kileleni au hatua moja chini.

Kohli alipostaafu Testi mwaka 2025 alikuwa na 46.85. Kwenye karatasi yeye na Ranji ni ndugu. Lakini wenzake wa rika lake, Steve Smith, Joe Root na Kane Williamson, wakati huo walikuwa wote juu ya 50. Namba zinazokaribiana hivyo zina maana mbili zilizo mbali. Simdharau Kohli, ukuu wake mkubwa uko katika mechi za siku moja, mchezo ambao Ranji hakuuota.

Yako pia mambo ya uwanjani. Ranji alicheza kwenye nyasi zisizofunikwa, mvua ikinyesha usiku mpigaji anakuta asubuhi ardhi inayoruka kama samaki. Kichwani alikuwa na kofia ya kitambaa. Helmeti zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Hadi karibu mwaka 1910, kuupitisha mpira juu ya mpaka hakukutosha kupata sita, ilibidi utoke nje ya uwanja kabisa. Na hata wastani wake wa jumla katika mechi za daraja la kwanza, 56.37 kwa mikimbio 24,692, umebeba mzigo wa mwaka 1920. Mwaka huo alirudi Sussex akiwa na miaka 47 na jicho moja, baada ya kupoteza la pili katika ajali ya uwindaji mwaka 1915. Alicheza mechi tatu, akapata mikimbio 39 tu. Alitaka kuandika kitabu cha namna ya kupiga kwa jicho moja.

Kwa mizani hiyo namweka Ranji pamoja na watu wawili. Wa kwanza ni Hanif Mohammad, ambaye Januari 1958 huko Bridgetown, Pakistan ikiwa nyuma kwa mikimbio 473, alisimama dakika 970 akapata 337 na kuiokoa mechi. Wa pili ni Gavaskar, aliyefungua zamu bila helmeti mbele ya watupaji wa West Indies na kuwapiga mia 13. Tendulkar yumo katika mlango huo huo, ila aliukuta umekwishafunguliwa. Nikilazimishwa kuchagua mmoja, nitamchukua Gavaskar, na mwalimu wa historia asijivune.

Kwa nini basi nisimchague Ranji, baada ya utetezi wote huu? Kwa sababu Hanif na Gavaskar walibeba kitu ambacho yeye hakukibeba. Testi zake 15 zote alizichezea Uingereza. Wakati ule India haikuwa na timu ya Testi, hilo si kosa lake. Lakini mwaka 1907 hatimaye alikipata kiti cha Nawanagar, akawa tajiri na mwenye sauti kote katika Milki, akaiwakilisha India katika Shirikisho la Mataifa mjini Geneva, akanunua kasri huko Ireland. Kriketi ya India hakuifanyia mengi. Duleepsinhji, mwana wa ndugu yake, alifuata nyayo zake hadi timu ya Uingereza, akapata 173 dhidi ya Australia mwaka 1930, na Ranji alifurahi iwe hivyo. India ilipoingia Lord's kwa Testi yake ya kwanza mwezi Juni 1932, aliyeongoza ni C. K. Nayudu.

Kama mtawala aliipendezesha Jamnagar na kuijenga bandari ya Bedi, na pia aliandamwa na madeni hadi maofisa wa Kiingereza wakachoka kuyalalamikia. Raia wake waliendelea kupanda majahazi na meli kuja upande huu wa bahari. Alifariki tarehe 2 Aprili 1933. Mwaka uliofuata lilianzishwa shindano kuu la kriketi la India likapewa jina lake, na mwaka huo huo wa 1934 Hanif alizaliwa Junagadh, kwenye rasi ile ile ya Kathiawar.

Wale waliovuka hawakuja na mizani na vitambaa peke yake. Walikuja na gongo pia. Mwezi Juni 1975 timu ya Afrika Mashariki ilicheza Kombe la Dunia la kwanza chini ya nahodha Harilal Shah. Mbele ya India mjini Leeds timu nzima ilipata 120, na Jawahir Shah wa Kenya akaongoza kwa 37. Gavaskar na Farokh Engineer wakaifikia hesabu hiyo bila hata mmoja wao kutolewa. Februari 1996, miaka mia baada ya ile asubuhi ya Manchester, Kenya iliingia Kombe la Dunia kwa jina lake yenyewe huko Cuttack. Tendulkar aliipiga 127 bila kutolewa. Steve Tikolo naye alipata 65, na kabla ya mwezi kwisha Kenya ikaishinda West Indies mjini Pune.