Padre Johnson wa Ziwa Nyasa

Ndugu zetu, msafiri atokaye Mbamba Bay na kufuata ufuko wa ziwa kwenda kaskazini hufika Liuli. Huko lipo kaburi la Padre William Percival Johnson. Hakuwa wa kanisa letu, maana alitumwa na misheni ya U.M.C.A.; walakini habari zake zatufaa, hasa sisi tunaozimia moyo upesi.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford. Angaliweza kupata kazi ya serikali huko Bara Hindi. Akaiacha, akafika Unguja mwaka 1876 pamoja na Askofu Steere. Kazi yake ya kwanza barani ilivunjika: mwaka 1881 alifukuzwa Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1882 alikwenda ziwani na Padre Charles Janson, na mwenzake huyo akafa mara walipofika. Johnson akarudi kwao kutafuta fedha za stima, akazipata, nayo ikaitwa kwa jina la marehemu. Lakini mwaka 1884, vipande vyake vilipokuwa njiani, akaugua macho. Jicho moja likapofuka, na la pili likabaki na nuru kidogo tu.

Hapo wengi wetu tungalisema, basi. Yeye alikwenda kwao kutibiwa, kisha akarudi ziwani. Maana saburi si kujifanya jiwe, wala si kukataa msaada.

Mwaka 1895 Askofu Maples, rafiki yake tangu Oxford, alizama ziwani. Johnson akaendelea, akitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, akila chakula cha wenyeji. Na kwa nuru ile kidogo akafasiri Biblia nzima kwa Kinyanja, neno kwa neno.

Twaona nini? Mtu apimaye maisha yake kwa mafanikio tu, moyo wake huanguka kila aonapo hasara. Bali mwenye kushika kazi ya leo, kijiji cha leo na neno la leo, ana mahali pa kusimama hata katika msiba. Hivyo ndivyo Johnson alivyodumu hata mwezi wa Oktoba 1928, alipofariki Liuli, mwenye umri wa miaka 74.

Basi, enyi walimu, tusingoje moyo utulie ndipo tufanye kazi. Tuanze sehemu ya leo, iwapo ni ndogo. Mara nyingi utulivu hutufuata tukiwa njiani.