Edgar Codd: wazo lake lilichelewa nyumbani, wengine wakalivuna

Mfanyakazi wa banki anapouliza kompyuta jumla ya feza zilizoingia kwa siku, jibu linakuja mara moja. Nyuma ya jibu hilo kuna wazo la mwanahesabu Mwingereza, Edgar Frank Codd.

Codd alizaliwa tarehe 19 mwezi wa munane 1923, kwenye kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alisomea hesabu na kemia huko Oxford. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa rubani katika jeshi la anga la inchi yake. Vita ilipokwisha, alienda Marekani na kuajiriwa na kampuni IBM. Mwaka wa 1953 alihamia Kanada, akichukizwa na msako wa waliozaniwa kuwa wakomunisti, ulioongozwa na seneta Joseph McCarthy. Alirudi baadaye, na mwaka wa 1965 akapata udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Michigan.

Siku zile, kutafuta habari ndani ya kompyuta kulikuwa kazi ya mafundi peke yao. Fundi aliandika programu ya kufuata njia hatua kwa hatua. Mpangilio wa data ukibadilishwa, programu inakwama.

Mwaka wa 1970, akiwa San Jose, California, Codd alitoa andiko lenye wazo jipya: data zipangwe katika majedwali, mtu aseme tu anachotaka, kompyuta ijitafutie njia.

IBM haikuharakisha, kwani ilikuwa ikiuza mfumo mwingine, IMS. Mwaka wa 1974, watafiti wake Don Chamberlin na Raymond Boyce walitangaza lugha iliyokuja kuitwa SQL. Lugha hiyo ina amri zilizo tayari: COUNT inahesabu mistari, SUM inajumlisha, AVG inatoa wastani, MIN na MAX zinaonyesha kidogo kabisa na kikubwa kabisa.

Lakini kampuni ya Larry Ellison, inayoitwa leo Oracle, ndiyo iliyotangulia sokoni mwaka wa 1979. IBM ilifuata mwaka wa 1981, mwaka ambao Codd alipewa tuzo ya Turing.

Hata hivyo hakuridhika. Aliilaumu SQL kwa kukubali mistari inayojirudia: malipo yakiandikwa mara mbili, SUM inayahesabu mara mbili.

Codd aliaga dunia tarehe 18 mwezi wa ine 2003 huko Florida, akiwa na miaka 79.