Bernard Courtois, Mtu Aliyevumbua Madini Joto

Bibi yangu, akaaye Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, ana rovu kubwa shingoni. Tangu utoto wangu nimemwona akilifunika kwa kitambaa kila aendapo sokoni. Nilidhani ni maradhi ya ukoo, na kwamba siku moja mimi pia litanitoka. Mwaka huu mwalimu wetu wa kemia alitufundisha habari za Bernard Courtois, nikatambua kwamba nilikosea. Kwa hiyo napenda kuwasimulia maisha ya mtu huyo.

Courtois alizaliwa Dijon, Ufaransa, mwaka 1777. Baba yake alikuwa na kiwanda cha shura, kitu kitumikacho kufanyia baruti, na mtoto akakua akiiona kazi hiyo. Alipokuwa kijana alijifunza kutengeneza dawa, akasoma kemia Paris, akatumika katika hospitali za askari. Baadaye akarudia kazi ya baba yake mjini Paris.

Wakati ule Ufaransa ilikuwa vitani chini ya Napoleon, na baruti ilitakiwa kwa wingi. Kazi ya shura ilihitaji majivu ya kuni, nayo yakawa haba. Basi Courtois akatumia majivu ya mwani kutoka pwani ya Normandy na Brittany. Mwani ni mmea wa baharini. Hata Unguja na Pemba hulimwa. Siku moja mwaka 1811 alikuwa akisafisha masazo ya majivu hayo kwa tindikali, akazidisha kipimo. Mara ukapanda mvuke wa rangi ya zambarau, na ulipogusa chombo baridi haukuwa maji, bali vipande vyeusi ving'aavyo. Mwingine angaliosha chombo na kuendelea na kazi. Yeye alivikusanya akavichunguza, akashuku kwamba ni kitu kipya. Lakini hakuwa na fedha za kuendelea, akawapa rafiki zake wavichunguze, na habari ikatangazwa mwaka 1813. Kitu hicho ndicho tukiitacho madini joto.

Mwaka 1820 Daktari Coindet wa Geneva aliwapa wagonjwa wa rovu dawa ya madini hayo, na marovu yao yakapungua. Hata hivyo Courtois hakutajirika. Vita vilipokwisha biashara ya shura ilianguka. Mwaka 1831 alitunzwa faranga 6,000 kwa uvumbuzi wake, lakini hazikumwokoa. Alikufa maskini mwaka 1838.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Kwa miaka 70 hazifiki gramu 4. Tezi ya shingo huyatumia kuongoza joto la mwili na ukuaji. Ikiyakosa hufura, nalo ndilo rovu. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au akawa kiziwi. Mvua za miaka mingi huyaosha madini haya kutoka udongo wa milimani, ndiyo maana sisi wa nyanda za juu tuna upungufu. Tena muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huizuia tezi kuyatumia.

Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na Marekani mwaka 1924. Bibi yangu alikua akila chumvi ya Uvinza, ambayo zamani haikutiwa kitu. Katika miaka ya 1990 ndipo sheria ya Tanzania ilipoagiza chumvi ya kula itiwe madini joto.

Likizo iliyopita nilikuta chumvi ya nyumbani imewekwa katika bakuli wazi karibu na mafiga, na madini joto hupotea kwa joto na unyevu. Dada yangu alikuwa mjamzito wa miezi minne. Nikamweleza bibi haya yote. Kwanza alicheka. Kisha akaniuliza kama rovu lake litaondoka, nami nikamjibu kweli, kwamba la miaka mingi namna hiyo haliondoki kwa chumvi. Akanyamaza kidogo, akaenda chumbani, akaleta kopo lake lenye kifuniko, lile la kuwekea fedha, akalimimina na kunipa nitie chumvi.

Wanafunzi wenzangu, mkifika nyumbani tazameni chumvi imewekwa wapi.