Alan Turing na Mashine Iliyofananishwa na Mtoto

Alan Mathison Turing, mwanahisabati Mwingereza, alizaliwa jijini London tarehe 23 Juni 1912. Babake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, hivyo Alan na kakake John walilelewa kwa muda mrefu na walezi ilhali wazazi wao wako ng'ambo. Katika shule ya Sherborne alipata rafiki wa dhati, Christopher Morcom, mpenda sayansi kama yeye. Morcom alifariki mwaka wa 1930, na msiba huo ulimwelemea Turing kwa miaka mingi.

Akiwa Cambridge, mnamo mwaka wa 1936, alieleza mashine ya kufikirika iwezayo kutekeleza hesabu yoyote inayoandikika kwa hatua bayana. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa Bletchley Park, akishiriki kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani uliofichwa kwa mtambo wa Enigma. Hayo yanajulikana sana. Lisilotajwa mara nyingi ni wazo aliloliandika mwaka wa 1948.

Mwaka huo aliiandikia Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza ripoti kuhusu mashine zenye akili. Humo alidokeza, kwa maneno machache mno, kwamba suluhisho la tatizo laweza kutafutwa jinsi maumbile yanavyotafuta mchanganyiko wa jeni unaomwezesha kiumbe kuendelea kuishi. Mkurugenzi wa maabara hiyo alikuwa Sir Charles Galton Darwin, mjukuu wa Charles Darwin yule aliyeeleza nadharia ya uteuzi asilia. Ungetarajia mjukuu huyo alitambue wazo la babu yake. Badala yake aliilinganisha ripoti na insha ya mwanafunzi wa shule, nayo haikuchapishwa.

Turing hakulitupa wazo lake. Katika makala ya mwaka wa 1950 alipendekeza kuundwa kwa mashine iliyo mfano wa mtoto, kisha ifunzwe. Muundo wa mashine hiyo aliufananisha na urithi wa kiumbe, marekebisho yake na mabadiliko ya jeni, na hukumu ya mtafiti na uteuzi asilia. Alitumaini kwamba kazi hii ingekwenda kasi kuliko maumbile, kwa kuwa mtafiti akiona udhaifu aweza kukisia dawa yake. Alikiri pia kwamba majaribio yake mwenyewe ya kufunza mashine ya aina hiyo hayakufaulu vilivyo.

Njia hiyo ilikuja kukamilishwa na wengine, hasa John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1975. Ukiwa na chemshabongo ya kuandika programu, mathalani ya kupanga orodha ya namba, tarakilishi huanza kwa kuzalisha programu nyingi kwa kubahatisha. Kila moja hujaribiwa kwa mifano yenye majibu yanayojulikana na kupewa alama. Zilizopata alama nyingi huozeshwa: kipande cha hii huunganishwa na kipande cha ile, na mara mojamoja alama fulani hubadilishwa bila mpango. Kizazi hufuata kizazi. Ugumu wote umo katika utoaji alama, kwani mifano ikiwa michache, programu hujifunza kuipita mifano hiyo pasipo kulitatua tatizo lenyewe.

Turing hakuyashuhudia hayo. Mwaka wa 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa jinai nchini mwake, akakubali kutiwa homoni ili asifungwe. Kibali chake cha kufanya kazi za siri za serikali kikaondolewa. Alifariki nyumbani kwake Wilmslow tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka wa 2013. Ripoti ya 1948 ilikuwa imekwisha kuchapishwa mwaka wa 1968, miaka 20 baada ya kukataliwa.