Daktari aliyeifuata sumu ya risasi viwandani

WAKAZI wa Owino Uhuru, ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Hatari hiyo Dkt Alice Hamilton, Mmarekani aliyezaliwa 1869, aliifichua karne moja awali.

Mwaka 1910, katika jimbo la Illinois, alizuru viwanda na nyumba za wafanyakazi, akabaini kuwa waliivuta sumu hiyo katika vumbi na moshi. Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard.

Alifariki Septemba 1970, akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye, Marekani ilipitisha sheria iliyowezesha kuwekwa viwango vya sumu katika hewa kazini.

Kenya ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini 2007. Kiwanda cha Owino Uhuru kilifungwa 2014.