Sidi Mubarak Bombay, mhudumu wa safari za miguu

Wahudumu wa ndege tunawaona wakitabasamu. Uchovu wao hatuuoni. Hapa kwetu Tabora kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa miguu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hadi India, alirudi Zanzibar akiwa huru. Mwaka 1857 alifika Kaze, Tabora ya leo, akiwa na Burton na Speke. Alianza kama mbeba bunduki na mkalimani, baadaye akawa mkuu wa msafara: kugawa posho, kuwatuliza wapagazi waliotaka kutoroka. Mzungu akikasirika, hasira ilimshukia yeye. Ngumi ya Speke ilimwachia pengo mdomoni. Akarudi njiani tena, na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki, 1875. Alifariki 1885.